Divai mbili nyekundu za nchi za baridi, na rafiki yangu aliyekataa kuonja

Wakuu, poleni na majukumu.

Juzi mwenzetu mmoja humu aliuliza kama kweli divai nyekundu zinatofautiana ladha, au ni maringo tu ya wenye nazo. Mkamcheka sana.

Swali hilo niliwahi kulijibu nikiwa nimekaa kwenye vumbi, rafiki yangu amepigishwa magoti hatua tatu kutoka kwangu. Nasimulia kama lilivyokuwa, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Ilikuwa Bujumbura, miaka ya vita, kipindi nchi jirani zilipotufungia mipaka. Shule niliacha darasa la sita. Nilishapita gereji, nikauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikafyatua matofali, na wakati huo nilikuwa mbeba mizigo wa mgahawa mmoja wa Rohero, katikati ya mji.

Mhudumu mkuu pale alikuwa Mzee Deo, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa hata siku mabomu yanasikika mlimani. Nilimsumbua kwa maswali mpaka akachoka. Mabaki ya wateja akawa ananimiminia kwenye glasi za chai: "Onja, kisha uniambie. Ukisema 'tamu' tu, sikupi tena."

Basi nikajua divai mbili vizuri, zote nyekundu, zote za Ufaransa kwenye baridi, ambako jua ni haba na zabibu huiva kwa shida.

Ya kwanza ni ya Bourgogne. Nyepesi, unaona kidole chako upande wa pili wa glasi. Uchachu wake ni kama wa kinyomoro, lile tunda jekundu la kwetu, halafu nyuma inakuja harufu ya udongo ulionyeshewa.

Ya pili ni ya Loire. Hiyo inakupiga kwanza na majani: pilipili hoho mbichi, au jani la nyanya ukilisugua vidoleni. Nilipoionja mara ya kwanza nilidhani imeharibika. Mzee Deo akasema, "Haijaharibika. Iache ipumue, majani yatarudi nyuma, utaona inkeri." Inkeri ni yale matunda madogo ya vichakani.

Lakini siku ile wateja waliita, glasi ikachukuliwa. Kwa hiyo hilo la kupumua nilikuwa nimelisikia tu. Sikuwahi kuliona. Likumbukeni.

Sasa tukio lenyewe.

Patron, mwenye mgahawa, alikuwa ameficha katoni za divai kwenye nyumba moja Kanyosha, pembezoni mwa mji. Akanituma na Hamisi, dereva, tuzihamishe kwenda Rohero. Hamisi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu, swala tano, kanizidi umri kama miaka kumi. Katoni zilikuwa zimeliwa na mchwa, na lebo zote wamekula. Chupa zikabaki uchi. Mimi nilizitambua kwa mabega tu: Bourgogne yameteremka, Loire yamesimama.

Kabla ya daraja la kuingia mjini tukakuta kizuizi. Vijana sita, bunduki mbili, mapanga. Mkubwa wao walimwita Chef.

Hapo nikafanya kosa. Kwa kiherehere changu nikashuka na chupa mbili, moja ya kila aina, nikasema, "Chef, jua kali, pokeeni kidogo."

Mnaoijua Burundi mmeshaelewa. Kule anayetoa kinywaji huonja kwanza mbele ya mgeni, kuonyesha hakuna sumu. Iwe harusini, iwe msibani. Na wiki ile kulikuwa na uvumi kwamba vijana wa kizuizi kingine waliletewa bia wakafa.

Chef akazigeuza chupa. "Hazina hata jina. Mwenye gari ni nani?"

Hamisi akanyoosha mkono.

"Onja."

"Apana, Chef. Mi ni mu-Islamu. Sinywi pombe."

Wote wakacheka, Chef hakucheka. "Mu-Islamu anabeba pombe gari muzima?"

"Kubeba ni kazi, Chef. Kunywa ni dhambi."

"Ao unajua kile kiko ndani."

Wakampigisha magoti. Mmoja akamwekea panga begani, taratibu, kama mtu anayetundika koti. Hamisi akaanza kusoma shahada kwa sauti ndogo. Nikamwambia, "Kaka, onja, Mungu anaona." Hakunitazama hata.

Nikasema, "Chef, mi ndiye nilitoa. Sheria iko kwangu."

Wakasukuma vizibo ndani kwa bisibisi ya gari. Nikanywa Bourgogne kwenye kikombe cha plastiki, nikanywa Loire kwenye kingine. Chef akangoja kidogo, akaonja ya kwanza, akaikubali kwa kichwa. Akaonja ya pili.

Akaitema.

"Hii iko na majani! Zote ni nyekundu, mbona hii inanuka dawa?"

Panga likahama kutoka begani likaja shingoni.

Wakuu, sijui maneno yalitoka wapi. Nikaeleza baridi, nikaeleza zabibu zisizoshiba jua, kwamba kila mzabibu una tabia yake kama vile ndizi ya kupika si ndizi ya pombe. Uso wake haukubadilika. Basi nikatupa karata ya mwisho: "Iache kwenye kikombe. Ikipata hewa, majani yatapungua. Sumu haiwezi kupungua."

Akatazama saa yake. "Tutangoja. Ukianguka, tumejua. Usipoanguka na majani yakabaki, ulidanganya, na mwenzako anakufa."

Sijui tulingoja muda gani. Nakumbuka nzi kwenye ukingo wa kikombe. Nakumbuka tumbo likinguruma kwa njaa, na wote wakanigeukia. Na nakumbuka nikiwaza: je, kama Mzee Deo alikuwa anajisemea tu maneno matamu?

Chef akainua kikombe cha Loire. Akanusa. Akanywa, safari hii akaibakiza mdomoni.

"Imelainika," akasema. Akanywa tena. Kisha akaonja ile ya Bourgogne, joto lilikuwa limeshaipiga. Akaimwaga. "Hii ndiyo imekufa."

Akamwambia mwenye panga, "Mwache." Akabaki na ile ya majani.

Tulivuka daraja. Hamisi aliendesha bila kugeuka nyuma mpaka tulipoona majengo ya Rohero. Ndipo akasema:

"We. Niambie vile iko mu kinywa."

"Nini?"

"Ile ya majani. Nilikuwa nakufa sababu yake, na sijui hata utamu yake."

Nikamweleza. Jani la nyanya, hoho, halafu inkeri. Akazima gari nje ya mgahawa, akasikiliza mpaka mwisho bila kushuka.

Nilichojifunza: uliza, hata jambo ambalo halikuhusu na halikulishi. Na usimtolee mtu zawadi kabla hujajua desturi itamdai nini aliye pembeni yako.

Wakuu, mngekuwa Hamisi mngeonja? Semeni ukweli. Mimi mpaka leo sijui kama alikuwa mkaidi au alikuwa na imani kuliko sisi sote.