Mume Wangu Alifunga Kabati la Chakula, Sasa Naficha Ndizi Kitandani kwa Mama

Bwana Mhariri, jina langu usilitaje. Mume wangu naye husoma gazeti hili, na watu wa Same wakijua ni mimi sitaweza tena kupita sokoni.

Nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa milimani, Upare wa kusini. Nina watoto wawili: binti wa miaka sita na mdogo wake wa kiume anayenyonya. Mume wangu ni karani kule mjini Same. Ni mtu wa kanisani, halewi, na hajawahi kuninyoshea mkono. Nayasema haya mapema ili msimchukie kabla hamjanisikia mpaka mwisho.

Shida ilianza siku ya tafrija ya kumuaga Mzungu aliyekuwa mkubwa wao wa kazi. Makarani waliambiwa waje na wake zao. Fundi alinishonea gauni kwa vipimo vyangu vya kabla ya kujifungua, na nilipolivaa halikufunga mgongoni. Nikajitanda kanga juu yake nikaenda hivyo hivyo. Tulipokwisha kukaa, mwenzake mmoja alimwambia mume wangu, "Bwana, mshahara wako wote tumeuona, umemlisha mama watoto." Watu wakacheka. Mume wangu naye alicheka, lakini njiani kurudi alitangulia mbele peke yake.

Kesho yake aliniambia kwa upole, "Mama watoto, unakula kama mtu anayeshinda shambani. Hapa hulimi. Punguza."

Nikapunguza. Asubuhi nilikunywa chai bila sukari, mchana mboga tupu, na jioni niliwapakulia wao mimi nikakaa pembeni nikijifanya nina kazi. Mwanzoni nilijisifu moyoni. Lakini nilikuwa nanyonyesha, na jua likianza kushuka njaa ilinizidi nguvu. Siku moja mume wangu alipokuwa anaoga, nilijikuta nimechuchumaa jikoni, nakomba sufuria ya makande ya mahindi na maharage kwa vidole, sitafuni, nameza tu. Alitoka akanikuta hivyo. Hakugomba. Tangu siku ile akawa analifunga kabati la chakula, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini ananitolea unga na maharage ya siku hiyo.

"Nakusaidia," alisema.

Nami nikamshukuru. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimshukuru kwa dhati. Niliona ni kweli, mimi ni mtu wa kufungiwa.

Maziwa yakaanza kunikauka. Mtoto alikuwa ananyonya, anaachia, analia, ananyonya tena. Niliwaambia majirani anaota meno.

Kisha shangazi wa mume wangu akafariki katika kijiji cha Kisiwani, tukaenda msibani. Watu walipokwenda kuzika, mimi niliachwa niangalie sufuria kubwa la makande ya waombolezaji. Sikumbuki nilivyoanza. Nakumbuka tu mama mkwe alipoingia na wanawake wawili nyuma yake, wakanikuta mikono yangu yote miwili imo sufuriani, kifua kimelowa mchuzi, hata kupumua siwezi. Aliwatoa wale wanawake, akanifuta mikono kwa kanga yake.

"Mwanangu, kwenu hamna chakula?"

"Kipo, mama."

"Basi nani kakufanya hivi?"

Nikamwambia ni tamaa yangu tu. Lakini wale wawili hawakunyamaza, na kufika jioni msiba mzima ulikuwa unanitazama. Mume wangu aliniita nyuma ya nyumba akasema, "Umenivua nguo mbele ya ukoo wangu."

Mama mkwe hakuliamini jibu langu. Alimuuliza binti yangu, na mtoto akaeleza habari za kabati kama alivyoziona. Yule mama alimkabili mwanawe mbele ya baba zake wadogo, kisha akaagiza nipelekwe milimani kwa wazazi wangu mpaka maziwa yarudi.

Yamerudi. Huku hakuna anayenipimia. Mama yangu huniambia, "Kula, ukishiba weka chini. Kingine kitapikwa kesho." Ni maneno mepesi, lakini mimi sijui tena kushiba kukoje. Ama naacha nikiwa bado na njaa, ama naendelea mpaka tumbo liniume. Juzi mama alikuwa anatoa matandiko ayaanike, akakuta chini ya godoro ndizi zimeiva mpaka zimeoza. Ni mimi niliyezificha, katika nyumba ambayo ndizi zinaning'inia jikoni na kila mtu anajichumia. Alizifuta mbao za kitanda akaondoka. Laiti angenigombeza.

Jumapili iliyopita mume wangu alipanda huku. Alimwamkia baba shikamoo, akakiri mbele yake kwamba alikosa, na kwamba kabati halitafungwa tena. Namwamini. Machozi yalimlengalenga, naye si mtu wa kulia.

Tukaandaa chakula. Binti yangu alikaa mbele ya sahani yake asiiguse. Nilipomhimiza, akaniuliza, "Mama, nile kiasi gani ili baba asikasirike?" Baba yake alisikia. Akampapasa kichwa akasema, "Huyu ana adabu, hana tamaa ya chakula." Alisema kwa mapenzi, hakuona ubaya wowote. Mimi niliinuka nikatoka nje.

Atarudi mwisho wa mwezi kutuchukua. Baba anasema mahali pa mke ni kwa mumewe. Mama anasema nisishuke bado. Mume wangu nampenda, na nyumba yangu naitamani. Lakini binti yule anajifunza kula kutoka kwetu sisi wawili, kwa baba anayesifu njaa na mama asiyejua kuacha.

Wasomaji wenzangu, hasa akina mama mliokwisha kulea, nichekeni mkitaka lakini mnijibu: nishuke naye, au nibaki huku mpaka mimi mwenyewe nijue tena kula? Na mume wangu nimwambieje jambo hili alielewe?