Gari la Harusi Lililozima Nyuma ya Matarumbeta

Mwaka 2022, katika kiangazi, pamba ilipokuwa imeanza kununuliwa na harusi zikifuatana kila Jumamosi, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na nilikuwa mjane wa miezi saba. Mume wangu alifariki tarehe 9 Novemba 2021. Aliacha nyumba Bariadi mjini, shamba Sapiwi, na gari dogo jeupe lililotengenezwa mwaka 1972, ambalo kwa miaka mingi lilibeba maharusi wa mji huu. Nyumba na shamba havikuleta maneno. Gari ndilo lililoleta.

Jumamosi ya tarehe 18 Juni nililiendesha mwenyewe kwenye harusi kwa mara ya kwanza. Alinifundisha mume wangu, mwaka ule ule nilioanza masomo ya sekondari nikiwa mtu mzima, na kwa gari hilo hilo alinipeleka Maswa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kuendesha nilikuwa najua. Lakini msafara wa harusi kwetu hauendeshwi, unachezwa. Matarumbeta hutangulia juu ya pikapu, watu hucheza barabarani, na gari la maharusi husogea hatua mbili na kusimama. Karibu na soko injini ilitetemeka, ikazima. Nikawasha, ikakataa. Wasimamizi wa bwana harusi wakavua makoti na kusukuma.

Shangazi wa bibi harusi alichungulia dirishani. "Mayu, mama yangu, gari limemkumbuka mwenyewe!"

"Halijamkumbuka mtu," nilimjibu. "Limezima."

Watu walicheka. Baada ya muda liliwaka lenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kitu kibovu kinachojitengeneza chenyewe hakikuachii pa kushika.

Fundi wetu, mzee mwenye maneno mengi aliyelitunza gari tangu zamani, alibadilisha koili, plagi na platini. Tukalijaribu barabara ya Maswa, mwendo wa kasi, jua la mchana. Halikukohoa hata mara moja. "Limepona," alisema, akaosha mikono.

Tarehe 9 Julai lilizima tena, mahali palipo wazi zaidi, mbele ya watu wengi zaidi. Safari hii maharusi walihamishiwa kwenye gari jipya la mjomba wao, na mpambaji akang'oa maua yake yote akaenda kuyafunga kule. Mimi nikabaki barabarani ndani ya gauni langu la kitenge, nimeshika usukani wa gari lisilokwenda. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu na msimamizi wa mirathi, alikuwa katika msafara ule. Aliona kila kitu.

Kesho yake, baada ya ibada, kikao cha ukoo kiliketi nyumbani kwangu. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba yuko mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Maswa ambaye ameshaliona gari.

"Shemeji, kitu kilichokufa tukizike. Tuuze, tugawane, tufunge mirathi."

"Ng'ombe akiugua unamchinja siku hiyo hiyo?"

"Nikishamwita daktari mara mbili, ndiyo, namchinja."

Wazee walicheka, nami nikaona wanaelemea upande wake. Hatimaye waliamua hivi: likibeba harusi moja mwanzo hadi mwisho bila kuzima kabla mirathi haijafungwa, litabaki kwangu, kwa kuwa ndilo linalonilisha. Likizima, litauzwa.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilitenga chai nikaiacha ikapoa. Nilikwenda kufungua boneti, nikatazama, nikaifunga, nikafagia ua uliokwisha kufagiwa, nikarudi kufungua boneti. Kanisani, wakati wa mahubiri, mguu wangu wa kushoto ulikuwa unakanyaga klachi chini ya benchi. Mwanangu wa kike, aliyekuja kutoka Lagangabilili kunitazama, aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia sina ugonjwa, ila kuna swali sijalijibu, na kuacha swali bila jibu sikuzoea. Nilianza kusoma nikiwa na miaka thelathini na moja. Nisichokielewa hunikaa mwilini kama mwiba.

Katika kuhangaika huko ndipo nilipokumbuka jambo ambalo aibu ilikuwa imelifunika. Siku ile ya Julai, maharusi walipokwisha kuondoka, gari liliwaka, nami nikarudi nyumbani nyuma ya kundi la ng'ombe lililojaza barabara. Nilikwenda polepole kuliko matarumbeta, jua lile lile, injini ya moto ile ile. Halikuzima. Basi mwendo wa pole peke yake haukuwa sababu. Kulikuwa na tofauti gani kati ya kwenda na kurudi? Wakati wa kwenda, kama ilivyokuwa Juni, mpambaji alikuwa amejaza maua ya plastiki na neti nyeupe kwenye shoo yote ya mbele, pale upepo unapoingilia injini, hata rejeta haikuonekana. Zamani tulifunga utepe tu juu ya boneti.

Nilimwendea fundi. Alinisikiliza, akacheka hadi akashika kiuno.

"Maua yazime injini? Mama, basi maharusi wote wa Tanzania wangelala barabarani."

"Hao wana magari mapya. Pampu yao ya petroli iko ndani ya tanki, inasukuma. Ya kwangu imekaa ubavuni mwa injini, inanyonya. Upepo ukikosekana, petroli inachemkia njiani, inakuwa mvuke. Pampu itanyonya mvuke?"

Akaacha kucheka. "Kwenye barabara ya Maswa upepo ulikuwepo," alisema taratibu, kama anayejijibu.

"Na maua hayakuwepo."

Mwanzoni mwa Agosti, siku ya mnada wa ng'ombe, tulilipamba gari kwa maua ya kuazima, shoo yote, tukaingia barabarani nyuma ya ng'ombe waliokuwa wakipelekwa mnadani. Sijawahi kuchekwa kama siku hiyo.

"Mahari imetangulia, bibi harusi yuko wapi?" alipaza sauti muuza miwa.

"Ndiye huyo anayeendesha!" alijibu mwenzake.

"Na huyo mzee ndiye bwana?"

"Mwadila, wazazi," fundi aliwasalimu kwa adabu zote, akipunga mkono kama mheshimiwa. Mimi nilitazama mbele. Kwa mara ya kwanza nilikuwa naliombea gari langu lizime.

Likazima. Fundi aliruka nje. Alichomoa waya wa plagi akawasha: cheche ilikuwepo, nzuri, ya buluu. Alifungua mpira unaoingia kwenye kabureta: haikutoka petroli, ila pumzi. Akamwagia pampu maji kutoka kwenye dumu, tukasubiri kidogo, nikawasha. Likaitika. Tukang'oa maua, tukawafuata ng'ombe wale wale hadi mnadani, injini ikinguruma kwa utulivu. Nilirudia njia hiyo nikiwa peke yangu, kwa sababu jaribio la mara moja halinitoshi.

Fundi alikata kipande cha bati, akakifunga kati ya pampu na bomba la moshi kuzuia joto. Kazi iliyobaki ilikuwa ya maneno. Tarehe 20 Agosti, asubuhi ya harusi ya tatu, mpambaji alifika na magunia yake ya maua.

"Mbele usiweke kitu," nilimwambia.

"Mama, bila maua mbele hii si gari ya harusi, ni teksi."

"Weka juu ya boneti, weka milangoni, weka nyuma hadi uchoke. Kwenye shoo, hata jani."

Alinuna, akaweka nyuma hadi gari likafanana na kichaka. Tuliondoka kanisani. Matarumbeta yalisimama karibu na soko, yakasimama tena mbele kidogo, wakacheza ndugu wa pande zote mbili, na mimi nilihesabu milio ya injini kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa. Jasho lilinitiririka mgongoni. Shemeji alitembea kando ya dirisha langu njia nzima, hachezi, anasikiliza. Tulipofika ukumbini alipitisha mkono dirishani akanigusa bega.

"Zima sasa, shemeji. Umefika."

Alhamisi, tarehe 29 Septemba 2022, tulisimama Mahakama ya Mwanzo kufunga mirathi. Hakimu alisoma mgawanyo: nyumba, shamba, gari. Aliuliza kama kuna mwenye pingamizi.

"Mimi sina," alisema shemeji. "Ila mwanangu anaoa Desemba."

"Hilo si la mahakama," alisema hakimu, na watu wakacheka.

Nilitia saini kwa jina langu kamili, kwa mwandiko nilioupata ukubwani, na mirathi ikafungwa. Nje, gari lilikuwa limeegeshwa juani. Shemeji alifungua mlango wa abiria, akakaa bila kuombwa, akafunga mkanda.