Nilivyokataa Kuhamishwa Kutoka Darasa la Viziwi

Siku yangu ya kwanza katika darasa la viziwi mjini Kisumu, miaka michache baada ya uhuru, Mwalimu Mkuu alinipokea kama mtu anayempa mwenzake pole. Alikuwa mtu mpole wa kutoka Nyeri. Alinionyesha chumba kilichokuwa stoo ya majembe, watoto tisa na kioo kimoja, kisha akanishauri nivumilie mwaka mmoja halafu niombe uhamisho. "Mwalimu Rispa, kazi hii haina ngazi," alisema. "Wenzako watakuwa wakuu wa shule, wewe utabaki hapa na kioo chako."

Kioo ndicho kilichokuwa kifaa chetu kikuu. Tuliagizwa kufundisha kwa mdomo peke yake: mtoto anatazama midomo ya mwalimu, anaweka kiganja kooni ili ahisi mtetemo, kisha anajitazama kiooni akijaribu kutoa sauti ile ile. Ishara zilikatazwa. Mtoto akizitumia, aliambiwa aikalie mikono yake. Nilifuata agizo hilo muhula mzima. Niliwafundisha "baba", "papa" na "mama", maneno ambayo midomoni yanafanana kabisa, na hakuna mtoto aliyejua lipi ni lipi.

Lakini wakati wa mapumziko walikuwa wakizungumza. Akinyi, msichana wa miaka kumi na mmoja kutoka Asembo Bay, aliwasimulia wenzake kwa mikono jinsi kiboko alivyoingia shambani kwao, wakacheka hadi wakakaa chini. Niliona aibu. Asiyejua lugha pale alikuwa mimi. Tangu siku hiyo Akinyi akawa mwalimu wangu, na darasani mikono ikaachiliwa. Baada ya miaka miwili walikuwa wanasoma na kuandika.

Ndipo Mkaguzi wa Shule akatukuta tukitumia ishara darasani. Alisema nimewarudisha watoto nyuma, akaandika ripoti, na baada ya wiki chache ikaja barua: nihamie Bondo, niwe naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya kawaida. Cheo hicho nilikitamani, sitadanganya. Lakini hakuna aliyetajwa kuchukua nafasi yangu. Darasa lingefungwa.

Nilikwenda kwa Afisa Elimu na ile barua. Nilifuatana na Akinyi na mama yake, muuza samaki. Afisa aliniambia kwa ukali kwamba mwalimu hachagui kituo. Nikamjibu kwamba Bondo siendi, na kama ni kufukuzwa, anifukuze mbele ya mzazi.

Mama Akinyi hakuketi. "Bwana Afisa, nyathina, mtoto wangu huyu, alikuwa anakaa nyumbani kama jiwe," alisema. "Sasa akiumwa na kichwa, ananiambia."

Afisa alichukua kalamu. Kisha akaandika sentensi kwenye karatasi, akanipa mimi peke yangu, akaniamuru nimwambie mtoto kwa hiyo mikono yangu, naye aandike alichoelewa. Alikuwa ameandika: Mwalimu wako anakwenda Bondo. Nilimwambia yote kwa ishara. Akinyi aliinama, akaandika sentensi ile, na chini yake akaongeza yake mwenyewe: Nani atatufundisha?

Afisa aliisoma mara mbili. Akaichukua barua yangu, akaifungia kwenye droo. "Rudi kazini," alisema. "Lakini cheo usiniulize tena."

Sikumuuliza. Nilifundisha viziwi hadi nilipostaafu, kwa daraja lile lile nililoanza nalo, huku walimu vijana niliowapokea wakipandishwa vyeo mbele ya macho yangu. Iliniuma, na bado inaniuma. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini mwalimu wa watoto hawa ahesabiwe nusu mwalimu.

Kwenye sherehe ya kuniaga walinisifu kwa uvumilivu. Nilisimama nikawasahihisha. Niliwaambia kwamba mvumilivu angekwenda Bondo.

Sasa walimu vijana huja kuniuliza kama elimu maalumu ina maisha ya mbele. Nawaambia waingie, na wadai ngazi ambayo sisi tulinyimwa. Wadai kwa sauti, na wadai kwa mikono.