Boga Lililoziba Mlango

Usiku ule Yunisi hakulala. Mumewe, Simeoni, aliondoka alfajiri kwenda Ilonda, mahali walipoishi kabla ya Operesheni ya kuhamia vijijini, na alisema jua likizama atakuwa amerudi. Jua lilizama. Mvua ikanyesha, ikakoma, na kule upande wa milima radi zikaendelea kumulika bila sauti. Yunisi alikaa kwenye upenyo wa kibanda chao cha nyasi, watoto wamelala nyuma yake, akisikiliza kila kinachokanyaga tope. Alishamwona Simeoni akisombwa na maji ya korongo. Alishamwona kavunjika mguu. Ndivyo alivyoumbwa: jambo likichelewa, yeye humaliza safari yote ya ubaya kabla mwenyewe hajafika.

Safari hii hofu ilikuwa na sababu. Mwishoni mwa Novemba mvua ilikuja vizuri, kijiji kizima kikapanda mahindi katika shamba la bega kwa bega, vipande vya kila kaya vimepangwa pamoja, kisha mvua ikaenda zake. Tangu Krismasi mbingu ilikuwa nyeupe kama bati jipya. Mahindi yalifika magotini, yakajikunja, yakawa makaratasi. Sasa mvua ilikuwa imerudi, na kila mtu wa Iramba alijua kuwa uwele peke yake ndio ungeweza kukimbizana na msimu uliobaki. Lakini mbegu? Wengi walishazisaga wakazila. Yunisi alikuwa nazo, kilindo kizima cha gome la mti, zimechanganywa na majivu na mfuniko wake umesiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe. Zilikuwa zimefungiwa ndani ya tembe lao, nyumba yao ya paa la udongo, huko Ilonda. Siku lori lilipokuja kuwahamisha walipakia watoto, mbuzi, vyungu na majembe. Kilindo kikakosa nafasi, dereva akapiga honi, Simeoni akafunga mlango.

"Tutakirudia kesho," alisema. Hiyo kesho ilikuwa Septemba. Tangu hapo viongozi hawakupenda kuona mtu akirudi mahame, na mbegu za mahindi zilipogawiwa, nani angekumbuka uwele?

Kulipokucha Simeoni akatokea, amelowa chapachapa, kabeba furushi la majani ya maboga.

"Mbegu ziko wapi?" Yunisi aliuliza, salamu kaisahau.

"Mlango haukufunguka, mama Lea."

"Haukufunguka vipi? Si uliuchonga mwenyewe?"

"Kuna boga."

Yunisi alimkazia macho. "Baba Lea, umekunywa?"

"Ningekunywa wapi, Ilonda wamebaki nyani? Nakwambia kuna boga. Korongo lilijaa, nimelala juu ya jiwe kama mjusi. Twende ukajionee, maana nikikueleza utasema nimeota."

Waliwaacha watoto kwa jirani, wakavuka korongo maji yakiwa yameshuka mpaka magotini. Njia nzima Yunisi alikuwa akitazama mashamba: makavu, makavu, makavu. Alikumbuka Ilonda walivyoiacha, vumbi tupu lililokanyagwa na kwato. Wakapanda kilima kidogo, Simeoni akasogea pembeni ili mkewe atangulie kuona.

Yunisi akasimama. Mkono ulimwendea mdomoni wenyewe.

Pale palipokuwa zizi la ng'ombe palikuwa na kijani kizito, karibu cheusi. Majani ya maboga yalikuwa mapana kama nyungo, yamepandana, na katikati yake maua ya manjano yamefunguka mamia kwa mamia, nyuki wakivuma humo mpaka hewa ikatetemeka. Mchicha ulisimama kumpita Simeoni. Mlenda, nyanya ndogo za porini, vyote vimejiotea, hakuna aliyelima wala kupalilia. Na jua lilikuwa lile lile. Mbingu ni ile ile iliyogeuza mahindi yao makaratasi. Yunisi alichuchumaa akazamisha mkono katika samadi ya miaka yote waliyoishi pale. Ndani kulikuwa na unyevu, na joto, kama tumbo la mnyama aliye hai.

"Ee Mungu," alisema kwa Kinyiramba, polepole, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa.

Nyumba haikuonekana. Palikuwa na kichuguu cha majani chenye umbo la nyumba. Shina la boga, nene kama kifundo cha mkono wake, lilitoka ardhini mbele ya kizingiti, likapanda mlango likiukumbatia kwa vikono vyake, likafika juu ya paa la udongo na kutawanyika kote. Hapo Yunisi akakumbuka. Asubuhi ya kuhama alipasua boga, na kwa kuwa alikuwa akilia hakwenda jalalani. Mbegu alizitupa pale pale alipokuwa amesimama.

Mlango wa tembe kwa kawaida hufungukia ndani. Huu wa Simeoni ulifungukia nje, aliuweka kinyume tangu mwaka wa kwanza, na mkewe hakuwahi kumsamehe.

"Ungeweka mlango kama wanaume wenzako," Yunisi alisema, "saa hizi tungekuwa ndani."

"Ungetupa mbegu jalalani kama wanawake wenzako."

Sauti ya tatu ikacheka. Bibi Elizabeti, aliyewahi kuwa jirani yao na sasa alikuwa amehamishiwa kijiji kingine, alitoka katikati ya mchicha na kikapu kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja kulikata?"

Yunisi akatazama panga alilokuja nalo.

"Maana wajukuu zangu wanakula hapa," bibi alisema. "Na watoto wa kina Kefa, na wengine nisiowajua. Unga ule wa njano wa msaada ukiwa mtupu unawaharisha. Mkishalikata hili, tuchemshe mlango?"

"Mlango ni mninga, bibi," Simeoni alisema. "Hauivi."

Bibi hakucheka safari hii.

Yunisi alibaki amesimama mbele ya shina, panga mkononi. Akilikata, kesho kutwa uwele utakuwa ardhini na watoto wake watakuwa na chakula mwakani. Asipolikata, mvua itapita. Simeoni alitaka kutoboa paa, lakini udongo ule ulikuwa umelowa. Ungeporomoka wote juu ya kilindo. Yunisi alipanda kwenye paa kutazama. Akajaribu kuinua tawi moja la boga ili apate pa kukanyaga. Halikuinuka. Aliinama, akafukua kwa kidole. Kwenye kila kifundo tawi lilikuwa limeteremsha mizizi myeupe, myembamba kama nyuzi, ikishika udongo wa nyumba yake.

Alikaa hapo hapo juu ya paa. Alipika na kuzaa watoto chini ya udongo huu, na kumbe muda wote ulikuwa shamba.

"Baba Lea! Lete samadi!"

Walipandisha samadi kwa kikapu cha bibi, kikapu baada ya kikapu, wakafukia vifundo vyote mpaka mikono ikawa haiinuki. Kisha wakarudi kwa watoto kungoja mizizi ikue, ili boga liweze kunywa huko juu hata shina likikatwa. Ile wiki nusura imuue Yunisi. Kila asubuhi alitoka nje kupima mawingu. Waliokuwa na viganja viwili vya mbegu walikuwa tayari wanapanda, na mtu akimwuliza yeye anangoja nini, alisema anangoja boga, wakamcheka.

Waliporudi Ilonda, bibi Elizabeti alikuwa ametangulia. Yunisi alilikata shina nusu tu, wakakaa chini kulitazama. Jua lilipopanda, majani yote ya juu ya paa yakalegea, yakaning'inia kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

"Umeliua," bibi alisema.

Majani ya boga hulegea mchana hata lisipoguswa, hilo Yunisi alilijua. Lakini leo angejuaje ni uchovu au ni kifo? Hakuna aliyekula. Kivuli cha mchicha kilirefuka, upepo wa jioni ukaja kutoka upande wa milima, na jani moja, la pembeni kabisa, likainuka. Halafu lingine. Paa lote likanyanyuka taratibu mbele ya macho yao, majani yale mapana yakijifungua tena kuelekea mbinguni. Bibi Elizabeti alishika kichwa kwa mikono miwili.

Yunisi akapiga panga mara moja, shina likakatika. Hakuna kilicholegea.

Wakaondoa vikono kwenye mbao kimoja kimoja. Simeoni akashika mlango wake uliowekwa kinyume, akavuta. Ulilia, ukagoma, ukalia tena. Halafu ukafunguka, na kutoka gizani ikawajia usoni harufu ya majivu ya kilindo, makavu kabisa.