Gari Tupu Halisemi Kweli

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilifika karakana ya ushirika wa kahawa pale Vwawa nimevaa shati la kanisani, kwa kuwa mama alisisitiza, na Fundi Mkuu akanielekeza nikae juu ya gurudumu bovu mbele ya lori lililokuwa linaunguruma. Alikuwa mzee mwenye sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Baada ya muda mrefu akarudi na kuniuliza, "Linasema nini?"

"Linanguruma, mzee."

"Anayenguruma ni simba. Gari linasema. Kaa tena."

Nilikaa siku nne. Wenzangu walipita na ndoo za grisi wakinicheka. Siku ya tano nikamwambia kuwa katikati ya mngurumo nasikia kitu kidogo, ti-ti-ti, kama kucha juu ya sinia. "Upande gani?" akauliza. Nikamwonyesha. Akachomoa bisibisi mfukoni, akaweka ncha pale kwenye injini na kubana mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio lake, kisha akatikisa kichwa kukubali. Zilikuwa tapeti, vile vidude vinavyosukuma valvu zifunguke, nazo zilikuwa zimelegea. Kuanzia hapo nikawa na bisibisi yangu, na hiyo ndiyo kompyuta niliyoitumia maisha yangu yote ya kazi.

Nayaeleza haya kwa sababu nimechoshwa na magemu ya mbio za magari. Wajukuu wakija nyumbani kwangu Mlowo wanayawasha mchana kutwa, na mimi nakaa pale kama mtu anayelazimishwa kunywa chai ya chumvi. Gari linapanda mlima na kushuka kwa sauti ileile. Linabadilisha gia bila hata kuvuta pumzi. Linagonga ukuta, linarudi barabarani likiimba vilevile, rejeta wala haina habari. Nikilalamika naambiwa, "Babu, si ni gemu tu." Kwani wali ukiwa na mawe mnasema si ni wali tu? Mnautema. Wahenga walishasema debe tupu haliachi kuvuma, ila hawakujua kuwa siku moja watu watalinunua hilo debe na kulifurahia.

Kutoka Vwawa nilikwenda Mkwajuni, kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu zinazoendeshwa kwa injini ya dizeli. Bosi wangu huko alikuwa Msimamizi wa Mashine, mtu asiyependa salamu. Nilitengeneza injini yangu ya kwanza pale, nikaiwasha, ikawaka vizuri, nikamwita kwa majivuno. Hata hakuinama kusikiliza.

"Umeweka mawe?"

"Bado, bosi."

"Sasa umeniitia nini? Mashine tupu haisemi kweli."

Tukatia mawe, na injini ikaanza kutoa moshi na kugonga mbele ya watu wote. Sijasahau aibu ile. Injini isiyo na kazi huficha maradhi yake, kama mgonjwa aliyelala. Ukiibebesha mzigo ndipo inalalamika, na fundi anapaswa kusikiliza malalamiko hayo. Nilikaa Mkwajuni miaka mingi, vumbi puani na karasha likipiga kelele hatua tatu kutoka kwangu. Hakuna aliyeniambia nizibe masikio, na angeniambia ningemcheka.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Tunduma, karakana ya malori yanayovuka mpaka. Huko ndiko nilikoitwa Fundi Sikio. Dereva wa Zambia angeingia na salamu yake, "Mulishani, mudala," yaani habari yako mzee, na kabla hajashuka nimeshamwambia nozeli ya tatu haimwagi mafuta sawasawa. Meneja wa Karakana alinitembeza kwa wateja kama jogoo wa maonyesho. Ndiyo maana nilishindwa kumwambia yaliyonipata. Kwanza sikusikia tena filimbi ya turbo. Kisha kwaya ya akina mama kanisani, zile sauti za juu zikawa midomo inayofunguka tu. Nikaanza kuwaambia madereva wapige resi zaidi, nikisingizia injini haijapata moto. Mwishowe niliomba kustaafu. Watu wote niliwaambia ni mgongo.

Hata nyumbani sikusema. Fundi Sikio asiyesikia ni kichekesho, na mimi sikuwa tayari kuchekwa.

Mwaka huu Sekela, binti wa mtoto wangu wa kwanza, alikuja na habari. Amesoma mambo ya kompyuta, na yeye na wenzake Mbeya wanatengeneza gemu la mbio za malori kutoka mlima Senjele hadi mpakani. "Babu, umelalamika vya kutosha," akasema. "Sasa wewe ndiye utasema sauti ipi iingie na ipi itoke." Nilifurahi hadi nikaona haya. Papo hapo nikaogopa, kwa sababu akigundua hali yangu hatakuwa na haja na mimi, na ninachokijua nitazikwa nacho.

Walichorekodi mwanzo kilinipandisha hasira.

"Lori lilikuwa wapi?"

"Limesimama sheli, Babu. Dereva akawa anapiga resi."

"Lina mzigo?"

"Hapana."

"Basi mmerekodi mtu aliyekaa kitini, mnataka kuniambia anapanda mlima."

Nikampigia Yona, dereva niliyemhudumia tangu akiwa utingo, aliyekuwa anapeleka saruji Zambia. Asubuhi yake Sekela akafunga maiki moja kwenye injini na nyingine karibu na ekzosi, akapanda Senjele pamoja naye. Mimi nilibaki nyumbani na mgongo wangu. Yona akamshusha Mlowo, yeye akaendelea kwenda kupanga foleni ya mpakani.

Mchana Sekela akaweka laptopu na spika mezani. Lori likaja, zito, gia zikishuka moja moja, na nilitamani kulia kwa raha. "Hiyo sasa," nikasema. "Hiyo ndiyo sauti."

"Lakini kuna sehemu ina kelele, Babu. Kitu kinagonga. Wenzangu wamesema tuisafishe. Niifute?"

Sikusikia kitu chochote kinachogonga. Nilipaswa kusema hivyo. Badala yake nikajikohoza na kusema, "Hiyo ni jeki imelegea kwenye kabini. Futa tu."

Akashika kompyuta yake, kisha akasita. "Ila jeki gani hii? Yona akikanyaga mafuta inazidi. Akiachia, inapungua."

Jeki haijali dereva anakanyaga nini. Kitu kinachogonga kwa kufuata mzigo ni beringi za konrodi, vile vyuma vilaini vinavyokaa kati ya konrodi, mkono wa pistoni, na kirenki inayozungushwa nao, na zikiisha injini inanoki, yaani inakwama na kufa. Kunoki katikati ya mlima na shehena ya saruji nyuma yako si hasara ya injini peke yake. Gari linaweza kurudi kinyumenyume na huku chini kuna watu.

"Rudia hapo," nikasema. Akarudia. "Linasema nini?"

"Si wewe ndiye wa kuniambia, Babu?"

"Sisikii, mjukuu wangu. Sisikii siku nyingi. Niambie wewe."

Alinitazama, nikangoja acheke. Akainuka, akaenda kwenye sanduku langu la vifaa, akarudi na bisibisi aliyoniona nikisikilizia injini tangu akiwa mtoto. Akaweka ncha kwenye spika na kunipa mpini. Nikaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, na ndani ya kichwa changu lori la Yona likagonga, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi na huku nyumba inaungua.

Yona alipopokea simu akawa mbishi. "Fundi, gari linavuta vizuri kabisa."

"Uko wapi?"

"Mpemba. Toka nifike nimesogea kidogo tu, foleni ya leo ni balaa."

Sijawahi kuishukuru foleni ya Tunduma ila siku ile. "Zima injini," nikamwambia. "Usiwashe tena hata kusogea. Waache wakutukane." Fundi wa pale akafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na jioni Yona akanitumia picha ya beringi imekwanguka hadi shaba inaonekana. Chini ya picha hakuandika neno isipokuwa "Shikamoo."

Mlio ule haukufutwa. Ndani ya gemu lao, ukilibebesha lori na kulilazimisha kupanda Senjele kwa gia isiyostahili, linaanza kugonga, na ukipuuza linazimika na mbio zimekwisha. Wenzake Sekela wanasema wachezaji watachukia. Wachukie. Na mimi nimechukia miaka yote hii.

Siku hizi anakuja kila mwezi na sauti mpya. Anakaa upande wake na mimi upande wangu na bisibisi, na kila mara namwuliza linasema nini, kisha nangoja, kwa sababu bila jibu lake sijui hata pa kuanzia. Ni katika kungoja huko nilipomkumbuka Fundi Mkuu: sauti yake kubwa, ile "upande gani?" yake, na alivyohitaji nimwonyeshe mahali kabla hajaweka bisibisi. Miaka yote niliamini kuwa zile siku tano alikuwa ananipima. Sasa nadhani alikuwa ananiuliza.