Titi la Sufi la Wifi Anyisile

Wifi yangu Anyisile, mke wa kaka yangu Hebroni, aliuza mchele soko la Kyela miaka ishirini, na hapo sokoni hakuna aliyejua kwamba titi lake la kushoto ni kitambaa kilichojazwa sufi. Titi lenyewe lilikatwa mwaka 1990 kwa ajili ya saratani. Mimi nilijua kwa sababu hilo la sufi nililishona mwenyewe.

"Ukitamka, wifi, usije kunizika," aliniambia. Nikanyamaza miaka sita. Ujinga wangu huo.

Mwaka 1996 mgongo ukaanza kumuuma. Halafu kiu: anamaliza mtungi, anakojoa kutwa, choo kikubwa hapati. Mwisho akawa anamwita Hebroni kwa jina la marehemu baba yake. Majirani wakasema malaria, wengine kisukari. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, kila kona duka la dawa. Muuzaji mmoja akatupa vidonge vya kuimarisha mifupa. Tukamnywesha, na maziwa juu yake. Akazidi kusinzia tu.

Tukampeleka hospitali. Daktari Eliya akamwuliza, "Mama, umewahi kufanyiwa upasuaji?"

"Sijawahi. Hii malaria, mwanangu."

Mume amemsahau, lakini uongo wake anaukumbuka!

"Wifi, sema."

"Niseme nini? Sema wewe umri wako."

Nikachoka. Nikaingiza mkono kwenye blauzi yake, nikalitoa lile titi, nikaliweka mezani juu ya cheti chake. Hebroni akatazama ukutani. Eliya hakucheka, akatuma damu Mbeya.

Majibu yakaja: kalsiamu, yale madini ya mifupa, imejaa kwenye damu.

"Saratani imerudi, inamumunya mifupa," alisema. "Hivyo vidonge tupeni leo hii."

Akamtundikia dripu za maji ya chumvi, akaagiza na sindano ya kuzuia mifupa isiendelee kumumunyuka. Hakutudanganya: akili itarudi, saratani haitaondoka.

Siku ya nne nikamkuta amekaa kitandani.

"Ndaga, wifi," nikamsalimu.

"Ndaga ya nini? Titi langu liko wapi, mwizi wewe?"

Nikampa. Akalivaa, akalipapasa, akanuna.

"Ulishona vibaya. La kulia limezeeka, hili bado kigoli."

Aliishi miezi saba mingine, akituita wote kwa majina yetu. Isipokuwa mimi. Mimi niliitwa mwizi mpaka siku namzika.