Mkate wa Kahawia

Kiwandani walimwita Hamira, kwa kuwa hasira zake ziliumuka upesi kuliko donge lolote la unga. Miaka ishirini na sita alikuwa mwoka mikate, na katika miaka hiyo hakuwahi kukutana na mtu aliyeijua kazi yake isipokuwa yeye mwenyewe. Mwenye kiwanda alikuwa mchuuzi tu. Wapakiaji walikuwa mizigo inayobeba mizigo. Hata mkewe, aliyemzalia watoto wanne, kwa maoni yake hakujua kukata mkate bila kuuponda.

Siku moja trei ya moto ikamwangukia mguuni. Akapaka mafuta, akafunga kitambaa, akasema hospitali ni ya watoto. Wiki tano zikapita, kidonda kibichi vilevile. Mkewe ndiye aliyemkokota kwa daktari, na huko wakaambiwa kuwa ni kisukari, tena kimemkalia siku nyingi. Akapewa vidonge, kisha akapelekwa kwa mtaalamu wa lishe. Hamira alimsikiliza kwa nusu sikio, akayasahau maneno yake kabla hajafika getini.

Mwezi mmoja na nusu baadaye ilibidi warudi. Kile chumba chote alikidharau. Mezani palikuwa na matunda ya plastiki, ndizi yake imebonyea ubavuni. Ukutani palibandikwa sahani ya karatasi iliyogawanywa rangi tatu, kama ya kuchezea watoto. Na mtaalamu mwenyewe, binti mwembamba mwenye vidole laini ambavyo havijawahi kuungua hata kwa kibiriti!

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," Hamira akajibu kwa puani.

"Tangu tulipoonana, baba, umekuwa ukila nini?"

"Chakula."

Mkewe akatazama dari.

Binti akafungua faili. "Sukari bado iko juu, kumi na sita. Ule mkate mweupe umeuacha? Nilikuandikia ule wa kahawia."

Hamira akacheka mpaka kiti kikalia. "Binti yangu, huo wa kahawia nauoka mimi! Unga ni uleule mweupe. Tunaunguza sukari, tunaimimina kwenye mashine ya kukandia, mkate unatoka umebadilika rangi. Wewe na shule yako yote unawaambia wagonjwa wa sukari wakale sukari iliyoungua!"

Akaegemea nyuma, akingoja kumwona akijitetea. Binti hakujitetea. Alivuta karatasi yake ya maelekezo, akaukata mstari ule kwa kalamu.

"Nimewaambia watu wengi sana," akasema taratibu. "Basi nifundishe, baba. Wa kweli nitautambuaje?"

"Uminye. Wa kweli ni mzito, na ukiukata utaona pumba. Wa uongo ni sifongo iliyopakwa rangi."

Binti akaandika kila neno. Hamira akajiona bwana mkubwa, akakunja nne.

"Na pale kwenye tanuri, baba, na joto lote lile, unakunywa nini?"

"Maji."

Mkewe akakohoa.

"Una kifua?" Hamira akamuuliza kwa ukali.

"Sina kifua, mume wangu. Ila mimi ndiye ninayefua ovaroli lako. Vizibo vya soda ninavyotoa mfukoni vinajaa kiganja. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Binti akauliza tu, "Ngapi kwa siku?"

"Nne." Mkewe akakohoa tena. "Tano. Jua likiwa kali, sita."

Hamira alikwisha kuandaa matusi ya kumjibu binti akimkaripia. Lakini binti alimtazama vilevile kama yeye alivyozoea kutazama wapakiaji. "Sukari iliyofichwa ndani ya mkate umeiona. Iliyo wazi kwenye chupa hukuiona?"

Njia nzima ya kurudi nyumbani Hamira alimsengenya binti, akaanzia viatu vyake akamalizia ndizi yake ya plastiki. Kesho yake akaenda kazini na dumu la maji. Juma la kwanza kichwa kilimgonga, akamtukana kila aliyepita mbele yake, akaharibu unga mara mbili na kusema mashine ni mbovu. Soda hakugusa.

Baada ya miezi miwili walirudi kwa binti, sukari imeshuka hadi nane. Kidonda kilikuwa kimefunga, kimebaki kovu jekundu.

"Hongera sana, baba," binti akasema.

"Usijisifu. Ni vidonge hivyo."

"Sawa, baba. Nikuandikie tarehe nyingine, au basi?"

"Andika."

Nje akamweleza mkewe kwamba atarudi, si kwa sababu ana la kujifunza, bali mtoto yule asipochungwa atamaliza watu. Mkewe akamwitikia, "Haya, baba watoto," akamshika mkono wateremke ngazi polepole, maana mguu ulikuwa haujazoea kiatu.